Delphin Ukumu na Minyoo Yake ya Saio

Tap. Tap. Kimya kidogo. Tap tena.

Ni maganda ya ndizi yanaangukia mbao. Jioni imeingia Saio, umeme umekatika tangu mchana, na taa ya mafuta bado haijawashwa. Kisha mfuniko unarudishwa mahali pake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga. Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya mwanamume inauliza:

"Umewapa?"

"Nimewapa."

"Wanakula?"

"Wanakula."

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Delphin Ukumu, wa mtaa wa Saio, hapa Bunia. Delphin Ukumu, aliyekuwa mchimba dhahabu. Delphin Ukumu, aliyefuga minyoo. Mmesikia vizuri: minyoo. Si ile ya tumboni, ni minyoo ya udongo. Kama uko mezani, endelea kula. Hakuna uchafu katika habari hii. Kuna huzuni, na huzuni yenyewe sitaificha.

Delphin alitutoka mwezi uliopita. Ameacha mke, mama Gentille. Ameacha mtoto mmoja wa kike, Christella, mwenye miaka sita. Na sauti hiyo ya maganda, hayo maswali na hayo majibu, ndivyo zilivyokuwa jioni zote za mwisho za maisha yake. Nitawaeleza kwa nini.

Delphin alizaliwa kwenye vilima vya Mahagi, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alinunua samaki ziwani na kupanda nao vilimani kuwauza. Delphin hakuipenda harufu ya samaki. Alipoota ndevu aliwafuata vijana wenzake kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Mongbwalu. Huko walikuwa wa kila kabila, Wakristo na Waislamu, wakilala chini ya shiti moja la plastiki. Aliingia shimoni kijana. Alitoka shimoni mtu mzima, anakohoa.

Katikati ya hayo alimpata Gentille. Familia ya Gentille ni wakulima wa Gety. Vita viliwatoa huko, wakatembea, wakafika machimboni, na Gentille akaanza kuwauzia wachimbaji bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Delphin alikuwa anakuja kula. Alikuja hata siku ambazo alikuwa ameshakula.

Mama Gentille alinisimulia hayo akitabasamu kidogo, na ndiyo mara pekee nilipomwona akitabasamu. Alisema: "Nilimuuliza, weye papa, tumbo yako nayo ni shimo? Akasema hapana, ni macho yangu ndiyo hayashibi. Nikajua huyu iko muongo, lakini muongo muzuri."

Wakaoana. Wakapata parseli, kiwanja kidogo, Saio. Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri kuhusu parseli hiyo, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Zamani watu walichimba pale moramu ya kutengeneza barabara. Walichukua udongo wote wa juu. Kilichobaki ni mgongo wa jiwe, mwekundu, mgumu, ambao hata magugu yalikuwa yanaona haya kuota juu yake. Siku Gentille alipofika kuiona, yeye binti wa Gety, ambako ukitupa mbegu kwa bahati mbaya unavuna, alikaa chini akalia. Akamwambia mume wake: "Umenileta kwenye jiwe."

Delphin alimjibu kwamba jiwe analijua, amelivunja maisha yake yote.

Lakini jiwe nalo lilikuwa limemvunja. Kikohozi kilizidi. Munganga wa hospitali alimpima, akamwonyesha picha ya kifua chake, akamweleza bila kumzungusha: vumbi la mawe limejaa katika mapafu, na likishaingia halitoki. Hakuna dawa ya kulitoa. Delphin alirudi nyumbani, akakaa mlangoni, akaitazama parseli yake.

Alijua anaondoka. Hakumdanganya mtu juu ya hilo. Swali lake lilikuwa moja tu, na alilisema mbele yangu: nikiondoka, Gentille na Christella watakula nini juu ya jiwe hili? Nalirudia, wasikilizaji, ili tuende pamoja. Mtu huyu hakuwa anatafuta kupona. Alikuwa anatafuta udongo.

Mimi nilimfahamu kwenye masomo ya jioni, katika ukumbi wa parokia. Tulikaa benchi moja, mimi na mwanangu mgongoni, yeye na kitambaa chake cha kukoholea. Tulijifunza kusoma vizuri na kuhesabu, na siku moja kwa juma tulisoma kilimo. Mwalimu wa kilimo aliitwa Anaclet. Jioni moja Anaclet aliingia na kopo la maziwa ya unga. Akafungua. Ndani mlikuwa na minyoo myembamba, myekundu kama uzi wa kushonea, imejifunga pamoja. Mama mmoja alihama benchi. Wanaume walicheka.

Delphin hakucheka. Alinyoosha mkono kama mtoto wa shule, akauliza: "Mwalimu, hao wanakula mawe?"

Anaclet akasema: "Mawe hapana. Wanakula maganda na uchafu munatupaka. Halafu wanakuachia udongo."

Baada ya somo kila mtu alienda zake. Delphin alienda na kopo.

Nyumbani alikuwa na kitu kimoja alicholeta kutoka machimboni: kisanduku kirefu cha mbao ambamo alikuwa akioshea mchanga ili dhahabu ibaki chini. Alikitoa nyuma ya nyumba. Akatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, ili maji yatoke, minyoo isizame. Akakiinua juu ya matofali, kivulini, pale ukuta wa jiko unapokutana na dirisha la chumba chao. Kila tofali alilisimamisha katika karai kuukuu la maji, kwa sababu siafu wakipata njia watamaliza nyumba nzima ya minyoo kabla hujavaa viatu. Alichana makartoni, akayalowesha, akayakamua kama nguo, akayatandika ndani. Juu yake akaweka samadi kavu ya mbuzi, iliyokaa, isiyo na moto tena. Juu ya samadi akaweka minyoo. Juu ya minyoo akaweka gunia lililolowa, na mfuniko.

Halafu akawaita mke na mtoto, akawapa sheria. Wape maganda ya ndizi, majani ya mboga, makapi ya kahawa. Usiwape chumvi. Usiwape pilipili. Usiwape maganda ya muhogo mchungu. Na majivu, hapana kabisa. Majivu yanawaunguza ngozi, na wao ni ngozi tupu.

Gentille alibisha. Alimwambia kwao Gety watu wanapanda, hawatengenezi udongo. Udongo ni kazi ya Mungu. Delphin akamjibu kwamba ndiyo, na hawa ndio wafanyakazi wake.

Christella ndiye aliyeshika sheria kuliko wote. Mtoto yule alipita nyumba kwa nyumba kwenye avenyu na kindoo chake, akiomba maganda, na hakuondoka mlangoni kabla ya kuuliza: mama, muliweka chumvi? Majirani walimwita mama munganga wa minyoo.

Na baba yake je? Walimwita papa Minyoo. Jirani yao Grégoire, fundi wa kushona, mtu wa mdomo, alikuwa anamsubiri kila asubuhi juu ya ukuta. "Delphin, wenzako walitoka machimboni na pikipiki na televizyo. Weye ulitoka na minyoo. Utatuuzia nyama lini?"

Delphin, katikati ya kikohozi, alimjibu: "Ee Grégoire, siku moja watakushusha kwao. Afadhali muanze kusalimiana sasa."

Grégoire alicheka mpaka uzi ukatoka kwenye sindano.

Ilichukua miezi. Minyoo haiharakishwi. Lakini siku moja Delphin alisukuma gunia pembeni, akazamisha mkono, akautoa umejaa kitu cheusi, laini, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Alimwita Gentille. Gentille alikinusa. Aliniambia alikaa chini tena, palepale alipokaa siku ya kwanza. "Nilinusa Gety," alisema. "Mu parseli ya jiwe, nilinusa shamba la mama yangu."

Udongo ule ulitosha tuta moja, dogo, urefu wa mkeka. Walilipanga kando ya ukuta wa jiko, wakaliwekea mawe pembeni lisichukuliwe na mvua. Wakapanda lenga-lenga, mboga ya mchicha. Ikaota. Delphin alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mambo yake: tuta la pili upande wa choo, la tatu mbele ya mlango, na Gentille angeendelea peke yake mpaka jiwe lote lifunikwe. Sanduku lingeendelea kuzaa udongo, yeye awepo au asiwepo. Huo ndio ulikuwa urithi wake. Hakuwa na mwingine.

Wasikilizaji wapendwa, laiti ningeishia hapa.

Msimu wa mvua ulimzidi. Hewa ilimkataa. Walimpeleka hospitali, na Gentille alikwenda naye, kwa sababu mnajua, mgonjwa wetu hulazwa pamoja na mtu wa kumpikia na kumgeuza. Nani abaki na mtoto? Dada mkubwa wa Delphin, mama Berthe, alipanda lori kutoka Mahagi, akaja. Mwanamke wa kazi, mwenye kumpenda mdogo wake kupita kiasi. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga.

Hakuna aliyemwambia habari ya sanduku. Nilimuuliza mama Gentille kwa nini. Alinitazama akasema: "Ningemwambia nini mu simu? Karibu kwetu, tuko na minyoo?"

Basi ikafika siku ambayo hospitali ilisema Delphin arudi nyumbani. Hawakusema amepona. Walisema arudi nyumbani, wakubwa walielewa. Habari ikafika Saio. Na kwetu, mgonjwa akirudi, parseli haimpokei ikiwa chafu. Mama wa shirika, wale tunaosali nao kwenye avenyu, walikuja na mafagio yao. Walifagia. Walikata majani. Waliosha mlango. Walichukua majivu ya jikoni, wakayamwaga chooni na pembeni mwa nyumba, kama mama zao walivyofanya, ili ugonjwa usikute mahali pa kukaa. Waliimba wakifanya kazi. Kila mmoja wao alikuwa anatenda wema.

Mama Berthe alifika ukutani mwa jiko. Akafunua mfuniko. Akaondoa gunia.

Alichokiona yeye ni sanduku la uozo lenye minyoo, chini ya dirisha la chumba cha mdogo wake anayekufa kwa kifua.

Mimi nimeongea naye. Alisema: "Nilisema, ndiyo hii. Hii kitu ndiyo inamukula." Alikwenda jikoni, akaleta mbabula, jiko la makaa. Akamwaga majivu ya moto ndani. Akafuata na maji ya kuchemka na sabuni.

Christella alikuwa amesimama hapo. Alimvuta kitenge. "Tanti, hapana majivu. Watakufa."

Mama Berthe hakugeuka. Alimwambia: "Mutoto hafundishi mukubwa kufagia."

Hayo nayo tumeyajua sote. Ni maneno ya kila nyumba. Mtoto akanyamaza, kama alivyolelewa. Mama Berthe akalisugua lile sanduku ndani na nje mpaka mbao zikawa nyeupe. Akaliegesha ukutani likauke. Alitaka mdogo wake alikute safi.

Walimleta Delphin katika gari la parokia. Hakuweza kutembea. Walipomshusha, kabla hajaulizia maji, kabla hajaulizia mtoto, aliuliza habari ya sanduku. Gentille alikwenda nyuma ya jiko. Alisikia harufu ya sabuni kabla hajaona kitu. Mama Berthe alikuwa mlangoni, uso wake unang'aa, akisubiri kushukuriwa.

Gentille alirudi chumbani, akamwambia mume wake: "Iko vizuri."

Ndivyo ulivyoanza uongo ule. Nilimuuliza kwa nini, na aliyonijibu ninayasema kama alivyoyasema: "Nilifikiri, kama anajua, atakufa leo. Kama hajui, atakufa kesho. Nilitaka ile kesho."

Kisha alimchukua Christella kwa mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akainama. Alimwambia papa asijue. Alimwambia: ukimwambia papa, papa atakufa.

Mtoto wa miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Aliyaamini.

Gentille alijaribu kupata minyoo mingine. Alimtafuta mwalimu Anaclet. Anaclet alikuwa ameteremka kwao, kusini, upande wa Gety, na njia ikafungwa na vita nyuma yake. Watu wa pikipiki walikataa hata kuongelea safari hiyo. Simu yake haikuita. Sanduku alilokuwa amelianzisha parokiani halikuwa na mtu wa kulilowesha tangu aondoke, na Gentille alipolifunua alikuta vumbi. Aliuliza sokoni. Watu walimwonea huruma, wakidhani uchungu umempanda kichwani. Na hata kama angeipata, ile kazi ni ya miezi, na Delphin alikuwa na siku.

Kwa hiyo walirudisha sanduku juu ya matofali. Wakarudisha gunia. Na kila jioni, chini ya dirisha la Delphin, Gentille alidondosha maganda katika sanduku ambalo halikuwa na mtu wa kuyala. Delphin alisikiliza. Aliuliza kama wamepewa. Aliuliza kama wanakula. Hiyo ndiyo sauti tuliyoanza nayo.

Jioni nyingine zilikuwa za mama Berthe. Alikuwa ameshaelezwa alichokifanya. Tangu siku ile hakuimba tena. Alimenya ndizi, akakata maganda vipande vidogo, vidogo sana, kama mtu anayemtayarishia mzee asiye na meno, akayatupa mle.

Na habari ilienea. Avenyu nzima ilijua. Siku moja Grégoire alikuja langoni na ndoo. Hakusema utani. Yalikuwa maganda yake ya siku tatu, bila chumvi. Aliyaweka chini akarudi kwenye cherehani yake. Wengine wakaleta. Watu wazima wa avenyu nzima walikuwa wanalisha sanduku lililokufa, ili mtu mmoja asikie linavyolishwa. Maganda yalioza. Inzi wakaja. Gentille aliyatoa asubuhi na kuyafukia mbali, ili harufu isimfikie.

Mtu mmoja tu hakuingia katika mchezo huo. Christella. Yeye hajui kusema uongo, hakufundishwa. Na alikuwa amepewa kitu kimoja tu cha kubeba: akikisema, baba yake anakufa. Basi akafanya alichoweza. Aliacha kuingia chumbani. Alilala kwa jirani. Mchana alikaa nyuma ya jiko, ameupa ukuta mgongo. Mama yake akimwita kumsalimia papa, alikimbia.

Delphin alimuulizia. "Mutoto iko wapi?"

Walimwambia anacheza.

Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza. Alisema: "Anaogopa kikohozi yangu. Mumuache. Ni mutoto."

Siku moja, na hewa ikiwa imempungukia sana, aliomba aone mmoja. Mnyoo mmoja tu, kiganjani. Gentille alisema ndiyo, nakuletea. Alitoka, akateremka hadi mto Nyamukau, akachimba kwa kijiti katika tope la ukingoni. Akapata mmoja. Mnene, wa rangi ya majivu. Haufanani kabisa na ile myekundu ya sandukuni. Alirudi nao katika jani la ndizi, akauweka mkononi mwa mume wake.

Delphin aliutazama. Alisema: "Huyu iko mukubwa."

"Amekula vizuri," Gentille akajibu.

Aliutazama muda mrefu. Mtu aliyetumia miaka akitofautisha punje ya dhahabu na punje ya mchanga. Kisha akafunga kiganja taratibu, akaurudisha katika jani, akasema urudishwe usikauke. Gentille hajui kama alielewa. Amejiuliza na ataendelea kujiuliza. Mimi pia sijui, na sitawaambia kwamba najua.

Delphin alikufa asubuhi, saa ambayo mafagio yanasikika kwenye kila parseli. Alikuwa ameshikwa mkono na mke wake upande mmoja na dada yake upande mwingine. Christella alikuwa nyuma ya jiko.

Matanga yalikuwa palepale. Watu walijaa, Delphin alipendwa. Wageni wanapaswa kula, na siku ya kwanza hakukuwa na kingine cha haraka, basi mama wa shirika walichuma lenga-lenga ya lile tuta. Yote. Wakaipika. Ndiyo mavuno ya Delphin: yalilisha waliokuja kumlilia. Usiku watu walitafuta mahali pa kuketi, na parseli ni ndogo. Walikaa juu ya tuta. Waliweka viti, waliweka mikeka, walikanyaga. Mvua ikanyesha juu ya nyayo zao.

Nilikwenda kutembelea familia baada ya matanga kwisha. Nilipiga tuta lile kwa kisigino. Limekuwa gumu. Sanduku liko ukutani, mama Gentille anatia ndani yake makala, mkaa wa kupikia. Anauza makala hayo mlangoni, kwa vikopo. Mama Berthe hajarudi Mahagi. Anakaa karibu na ukuta wa jiko na ukimsalimia anakujibu neno lilelile, hata kama hukumuuliza kitu. "Mimi nilisafisha." Anasema hivyo tu. "Mimi nilisafisha."

Mnanijua, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni mtu wa kutumaini. Nikiongea nanyi jioni huwa natafuta pa kuwawekea taa. Nilitafuta Saio. Nilifunua hata makala, nikaangalia chini ya mbao, nikitumaini nitaona uzi mmoja mwekundu umesalia. Hakukuwa na kitu. Nilimuuliza mama Gentille anafikiria nini juu ya mwaka kesho. Alisema hafikirii. Nami sikumpa tumaini la uongo.

Kwa niaba ya sisi sote hapa redioni, na kwa niaba yenu mnaosikiliza, tunawapa pole. Pole, mama Gentille. Pole, mama Berthe. Pole kwako mara ya pili, kwa sababu mzigo wako ni wa aina mbili. Pole kwa ndugu wote wa Mahagi ambao njia haikuwaruhusu kufika. Pole kwa majirani wa Saio, na kwako Grégoire, uliyeniambia kwamba ukuta wako sasa hauna mtu wa kumchokoza. Delphin Ukumu alale pema.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kabla hujatupa kitu katika nyumba ya mgonjwa, uliza ni cha nani na kinafanya nini. Mtoto akikuvuta kitenge, geuka. Geuka hata kama mikono yako imejaa, hata kama unafanya wema. Na jambo la tatu sina hakika nalo, naliacha kwenu mlifikirie mkiwa kimya: mtu anayekufa, tunamficha kwa faida ya nani? Mimi nina mtoto, na tangu nitoke Saio nimeangalia kila neno ninalompa kubeba.

Kabla ya kutoka nyumbani kwao nilifanya kama ninavyofanya kwa kila familia. Nilitoa kipaza sauti nikawaambia kwamba hapa watu humwambia marehemu neno la mwisho, yeyote anayetaka. Mama Gentille alitikisa kichwa. Yake ameshayasema yote. Mama Berthe aligeukia ukuta.

Christella alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alikitazama kipaza sauti. Akamtazama mama.

Mama Gentille alimwinamia, akamshika mabega yote mawili. "Sema, mama," alimwambia. "Sasa unaweza kusema."

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Alikileta karibu sana na mdomo, mpaka nikasikia pumzi yake masikioni mwangu. Akasema kwa sauti, bila kulia:

"Papa, minyoo ilikufa."